Kocha msaidizi ananishauri niache uhandisi: je, fani nzito na riadha ya chuo vinaweza kwenda pamoja?

Mita5000 ameuliza:

Heshima kwenu nyote, na shikamooni wale mliotutangulia. Niko mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu kimoja cha Marekani kilichomo Divisheni ya Kwanza, yaani ngazi ya juu, ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, na ninasoma kwa ufadhili wa riadha. Ninakimbia mbio za nyika msimu wa vuli, mbio za ukumbini wakati wa baridi, kisha mita 5,000 uwanjani hadi mwisho wa mwaka wa masomo, kwa hiyo hakuna muhula ambao mimi siko katika msimu wa mashindano. Alama zangu si mbaya. Sijafeli kozi yoyote, ingawa hesabu za milinganyo tofautishi zilinitoa jasho.

Siku chache zilizopita kocha msaidizi aliniita, akanieleza kwa upole kwamba kipindi cha thamodinamiki ninachotaka kuchukua muhula ujao kinagongana na mazoezi ya alasiri siku mbili za wiki, na kwamba wenzangu wengi katika timu wanasoma fani nyingine ambayo vipindi vyake vyote huisha kabla ya saa sita mchana. Hakunilazimisha. Aliniambia tu nifikirie kabla dirisha la usajili halijafunguliwa.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, yupo aliyemaliza fani nzito akiwa mwanariadha anayeshindana kweli, na si jina tu kwenye orodha ya timu? Pili, kocha ana mamlaka ya kunizuia nisichukue kozi kwa sababu ya mazoezi? Tafadhali msinijibu kwamba nijifunze kupanga muda; hilo nimeshaambiwa na kila mtu.

MhandisiMkongwe amejibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nilimaliza uhandisi wa ujenzi nikishindana katika miruko mitatu mpaka muhula wa mwisho, kwa hiyo swali lako la kwanza nimelijibu kwa mwili wangu. Ukitaka majina yanayojulikana, Joshua Dobbs alisomea uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Tennessee huku akiwa ndiye anayeongoza mashambulizi ya timu ya mpira wa Kimarekani, na mwaka 2017 akachaguliwa kuingia ligi ya kulipwa. Aliye karibu zaidi na wewe ni Sally Kipyego, ambaye alisomea uuguzi Texas Tech, fani yenye saa za wodini zisizohamishika, akatwaa mataji tisa ya NCAA ya mtu mmoja mmoja, na baadaye medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Hata hivyo nakusihi usiwatumie watu hawa kama ushahidi, kwa sababu tunawaona waliofika tu, na hakuna anayewaandika walioishia njiani.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito. Kanuni za Divisheni ya Kwanza zinasema kwamba mwanafunzi hatakosa kipindi cha darasa kwa ajili ya mazoezi, isipokuwa pale timu inapokuwa safarini kwenda kushindana ugenini na mazoezi hayo yanahusiana na mashindano hayo. Isome kanuni hiyo polepole utaona inachokilinda na inachokiacha wazi. Inalinda kipindi ulichokwisha kujisajili, lakini haisemi lolote kuhusu kipindi ambacho bado hujakichukua. Ndiyo maana shinikizo la aina uliyoieleza huja kabla ya usajili na karibu haliji baada yake, kwani ukishakuwa na thamodinamiki kwenye ratiba, anayepaswa kutafuta saa nyingine ni kocha. Sisemi kwamba kocha wako ana nia mbaya. Yeye anapima wiki yake kama wewe unavyopima yako, na mwanafunzi anayemaliza vipindi kabla ya saa sita anamrahisishia kazi.

Sasa kuhusu zile saa 20 ambazo watu huzitaja kila mara. Ni kweli kwamba wakati wa msimu shughuli za lazima za timu haziruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki na saa 4 kwa siku, na nje ya msimu ni saa 8 kwa wiki. Lakini siku ya mashindano huhesabiwa kuwa saa 3 hata kama mmeondoka alfajiri mkarejea usiku wa manane, na safari yenyewe, tiba ya viungo, vikao vya kujisomea vinavyosimamiwa na idara ya michezo pamoja na yale mazoezi yanayoitwa ya hiari havimo katika hesabu hiyo. Anayepanga masomo yake kwa kudhani riadha itamgharimu saa 20 atajikuta na pengo tangu wiki ya kwanza. Hesabu saa zako halisi za wiki yenye safari, kisha upange muhula mzima kwa kipimo cha wiki hiyo.

Tena una nafuu moja ambayo huenda huioni. Mchezaji wa voliboli hawezi kufanya mazoezi ya timu peke yake, lakini mkimbiaji wa mbio ndefu anaweza kukimbia kilomita zake alfajiri bila mtu, na katika wiki ya kawaida ni vipindi viwili hivi vya kasi ndivyo vinavyohitaji kundi na saa ya kocha. Kwa hiyo usimwendee na swali la jumla la kama unaruhusiwa kusoma thamodinamiki. Mwendee na pendekezo lililokamilika: siku fulani nitakimbia mapema, siku fulani nitajiunga na kundi, na kipindi cha kasi kinachogongana na darasa nitakifanya na wale wenye maabara, kwa sababu katika timu yoyote kubwa hutakosa mwenzako mwenye tatizo hilohilo.

Jambo la mwisho kwa leo ni kwamba kila chuo mwanachama wa NCAA kinatakiwa kuwa na mwakilishi wa wahadhiri katika masuala ya michezo. Mtu huyo anatoka upande wa taaluma, wala hafanyi kazi chini ya idara ya michezo. Wanafunzi wengi humaliza chuo bila kujua jina lake. Mtafute sasa, kabla hakujawa na mgogoro, umweleze hali yako kwa maandishi mafupi.

DadaWaMaabara amejibu:

Naongeza kidogo kutoka upande wa baiolojia, maana nilikuwa najiandaa kwa shule ya udaktari huku nikiogelea. Mhandisi ameeleza kanuni vizuri, lakini kinachowaangusha wengi ni mpangilio wa kozi kwa miaka yote minne, kuliko hata saa za wiki.

Kozi za fani nzito zimefungamana: mara nyingi bila thamodinamiki huingii mekanika ya viowevu, na bila mekanika ya viowevu huingii uhamishaji wa joto, na katika baadhi ya vyuo kila moja hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Kuahirisha kozi moja ya mnyororo huo kwa sababu ya mazoezi ya alasiri mbili kunaweza kukuchelewesha mwaka mzima, ilhali kuahirisha kozi ya historia au ya sanaa hakukugharimu kitu. Kwa hiyo chora mnyororo wote hadi kuhitimu, juu yake uweke ratiba ya misimu yako mitatu, kisha utazame ni wapi hasa inapogongana. Nilipofanya hivyo mimi, niligundua kwamba migongano ya kweli ilikuwa michache kuliko kelele zake.

Kwa mkimbiaji kama wewe, vuli ina mashindano machache, na fainali ya mbio za nyika hukimbiwa mwezi Novemba, kabla ya mitihani. Nusu ya pili ya mwaka ndiyo yenye safari za Alhamisi hadi Jumamosi wiki baada ya wiki. Maabara ambayo huwezi kuirudia, hasa ya Ijumaa, ichukue vuli kila inapowezekana. Barua za safari wape wahadhiri wiki ya kwanza ya muhula zikiwa na tarehe zote, ukiwaomba kufanya majaribio ya maabara kabla ya kuondoka badala ya baada ya kurudi. Mhadhiri aliyeombwa mapema mara nyingi hutafuta njia, ila aliyeombwa usiku wa kuamkia safari ana haki ya kukasirika.

Na vyuo vingi huwaruhusu wanariadha kujisajili mapema kuliko wanafunzi wengine kwa sababu hii hii. Itumie nafasi hiyo kuchagua kundi la darasa linalokufaa, na kama thamodinamiki ina kundi moja tu, umwoneshe kocha kwamba ni moja.

NimeivuaJezi amejibu:

Ndugu zangu mnaandika kwa uzuri, lakini naona upande mmoja umesahaulika. Mimi nilisoma uhandisi wa kompyuta nikiwa mpiga makasia, na mwaka wa tatu niliiacha timu. Sikufukuzwa, alama zangu hazikuanguka, wala sikuumia. Nilitazama nikaona kwamba ninafanya vitu viwili kwa kiwango cha kati wakati nilikuwa na uwezo wa kufanya kimoja kwa kiwango cha juu, na makasia hayangenipeleka popote baada ya chuo.

Mita5000, hujatuambia unakimbia kwa nini. Kama ni kwa sababu ufadhili ndio unaolipa ada, basi hilo ni jibu la haki kabisa na maneno yangu hayakuhusu sana. Kama ni kwa sababu unaamini unaweza kuendelea na mbio baada ya chuo, hilo nalo ni jibu. Lakini kama ni kwa sababu umezoea kuitwa mwanariadha, usiutoe usingizi wako kafara kwa ajili hiyo. Mwanafunzi anayelala saa tano kwa siku, anayefanya kilomita nyingi kwa wiki na kukesha kwa kazi za hesabu, mwili wake haujali kama ana nidhamu. Mifupa ya wakimbiaji hupata nyufa kwa uchovu na kwa kutokula vya kutosha, na jeraha la namna hiyo huchukua wiki nyingi kupona.

Ziko pia njia za katikati ambazo watu hawazitaji. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo, na kwa hiyo kocha wa huko hana kamba ya fedha ya kukuvuta nayo. Ligi ya Ivy nayo, lile kundi la vyuo kama Harvard, ingawa imo Divisheni ya Kwanza, haitoi ufadhili wa michezo. Gabby Thomas alisoma baiolojia ya neva Harvard kwa utaratibu huo, akaja kutwaa dhahabu ya mita 200 mjini Paris mwaka 2024. Misaada ya fedha kwa kuangalia uwezo wa familia ipo katika vyuo vya namna hiyo, na wakati mwingine hulingana na ufadhili wa riadha.

Mita5000 ameandika tena:

Nawashukuru sana. Kumjibu NimeivuaJezi: ni ufadhili, na pia ninapenda kukimbia, na sidhani kama nitakimbia kwa kulipwa. Bila ufadhili huu siwezi kubaki chuoni, kwa hiyo kuacha timu si chaguo nililonalo kwa sasa.

Nimeanza kuchora ule mnyororo wa DadaWaMaabara. Wazo langu ni kupunguza mzigo: nichukue krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 12 tu kila muhula, ambazo ndizo kiwango cha chini cha mwanafunzi wa muda wote na ndizo zinazotakiwa na viza yangu ya mwanafunzi, F-1, halafu nimalize kwa miaka mitano. Shahada yangu inahitaji krediti 128. Mshauri wa masomo wa idara ya uhandisi amesema hakuna tatizo. Je, kuna ninachokikosa?

MhandisiMkongwe amejibu:

Kipo, na nimefurahi umeuliza kabla ya kusajili. Mshauri wa idara amekujibu sawasawa kwa upande wa shahada, lakini yeye hana wajibu wa kujua masharti ya kushindana. Katika Divisheni ya Kwanza, unapoanza mwaka wa tatu lazima uwe umekamilisha asilimia 40 ya shahada yako, unapoanza mwaka wa nne asilimia 60, na unapoanza wa tano asilimia 80. Tuifanye hesabu. Asilimia 40 ya 128 ni 51.2, yaani unahitaji krediti 52. Krediti 12 kwa mihula minne ni 48. Ungekuwa mwanafunzi halali wa muda wote, mwenye viza safi na alama nzuri, na bado usingeruhusiwa kushindana.

Krediti 13 kwa muhula zingekufikisha 52 kamili bila akiba yoyote, na kozi moja ukiiacha katikati ya muhula umekwisha. Njia ninayoiona kuwa salama ni 12 au 13 katika muhula wenye safari nyingi, 14 au 15 vuli, na krediti kama 6 za majira ya joto, mradi angalau 18 kwa mwaka zitoke katika mihula ya kawaida na angalau 6 katika kila muhula. Kwa kuwa hujatuambia una ngapi mpaka leo, hesabu kwanza hizo, na kozi uliyoirudia usiihesabu mara mbili.

Sasa rudi kwenye ushauri wa kubadili fani, kwa sababu unagusana na hesabu hii. Mwanzoni mwa mwaka wa tatu unatakiwa uwe umetangaza shahada yako, na kuanzia hapo asilimia huhesabiwa kwa krediti zinazotumika katika shahada hiyo tu. Ukihamia fani nyepesi, sehemu ya kozi zako za uhandisi zitabaki kama kozi za ziada ambazo shahada mpya haina mahali pa kuziweka. Na ukitaka kurudi uhandisi baada ya mwaka, utakuwa na krediti nyingi zisizo na kazi huku mnyororo ukikusubiri pale ulipouacha. Kwa maneno mengine, mlango wa kutoka uhandisi uko wazi na wa kurudi ni mwembamba mno, na mwanafunzi wa mwaka wa pili asiupite kwa sababu ya alasiri mbili za muhula mmoja.

Tahadhari moja ya viza: katika muhula mmoja, kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti tatu, ndiyo inayoweza kuhesabiwa ndani ya zile 12. Wanariadha wa hapa Marekani hupenda kozi za mtandaoni kwa ajili ya safari, na rafiki wa timu anaweza kukushauri kwa nia njema uchukue tatu kwa pamoja. Wewe usimfuate bila kupita ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Na waweke washauri wako wawili, wa idara na wa michezo, katika barua pepe moja, ili kila mmoja aone anachokisema mwenzake.

DadaWaMaabara amejibu:

Kwa kuwa ufadhili ndio nguzo, jua pia kwamba ofa inaweza kuwa ya mwaka mmoja mmoja, na chuo kisipotaka kuendelea nawe kinatakiwa kukuarifu kwa maandishi ifikapo tarehe 1 Julai na kukupa nafasi ya kukata rufaa mbele ya kamati iliyo nje ya idara ya michezo. Ndani ya kipindi cha ofa yenyewe hawaruhusiwi kukupunguzia kwa sababu umekimbia vibaya au umeumia. Soma karatasi uliyosaini uone ni ya muda gani. Mazungumzo na kocha hubadilika mtu anapojua anasimama wapi.

Mita5000 ameandika tena:

Nimehesabu: nitakuwa na krediti 55 mwisho wa mwaka huu kama nitachukua thamodinamiki. Swali langu la mwisho, halafu sitawasumbua tena. Mwenzangu mmoja ameniambia ninaweza kukaa msimu mmoja bila kushindana, ile wanayoiita redishati, ili nipumue. Inasaidia kweli?

NimeivuaJezi amejibu:

Inasaidia kwa safari, haisaidii kwa mazoezi. Aliyewekwa redishati huendelea kufanya mazoezi na timu kama kawaida, ila hashindani, kwa hiyo utarudishiwa mwisho wa wiki zako na si alasiri zako. Wewe lakini una bahati ya kuwa na michezo mitatu: mbio za nyika, za ukumbini na za uwanjani huhesabiwa kila moja peke yake, kwa hiyo unaweza kuukosa msimu wa ukumbini mwaka ule wenye mekanika ya viowevu na uhamishaji wa joto, ukabaki na nyika na uwanja. Hilo ndilo ningelimpendekezea kocha badala ya kuachia msimu wa nyika, ambao kwa mtu wa mita 5,000 ndio msingi wa mwaka. Yeye anapata mkimbiaji aliyepumzika mwezi Machi, wewe unapata majuma ya Januari na Februari bila ndege wala basi.

Na thamodinamiki ijisajilie siku dirisha linapofunguliwa. Barua ya pendekezo la mazoezi mpelekee kocha mkuu siku hiyo hiyo, nakala kwa yule mwakilishi wa wahadhiri.